Ndagala za Hasi Nne

Muhuri niliusikia kabla sijamwona aliyeushika. Paa. Kimya kidogo. Paa. Nilikuwa bado uani, nikipita kando ya ukuta ambao ziwa liliuachia mstari wa kahawia mwaka lilipopanda hadi madarasani, na sauti ile ilitoka katika chumba cha walimu kwa mwendo uleule, kama mtu anayetwanga kitu kilichokwisha kulainika. Nikajikuta nahesabu. Kati ya pigo moja na jingine haukuwepo muda wa kusoma hata jina la mwanafunzi.

Ndani alikuwa amekaa mwenyekiti wa juri, jopo la kutahini, mgeni wetu kutoka Bujumbura. Mbele yake palikuwa na rundo la madaftari. Alichukua daftari, akafunua ukurasa wa mwisho, akapiga muhuri wa kuthibitisha kwamba kazi imesomwa na kupewa alama, akalifunga, akalisukuma kushoto. Hakuna kazi iliyokuwa imesomwa. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameitwa.

"Naona natangulia kidogo," alisema bila kuinua macho. "Joto la huku kwenu halimngojei mtu."

Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama bahasha, na viatu vyeusi vyenye ncha ambavyo alivikanyagisha juu ya saruji tu. Kutoka kwenye gari hadi mlangoni aliruka mchanga wetu kama paka anayeruka maji. Watu wa namna hii wanashuka Rumonge mara mbili kwa mwaka, wanakula samaki wa mukeke wa kuchoma, wanatuambia kwamba kiwango kimeshuka, wanaondoka na kidumu cha mawese kwenye buti. Nilimchukia papo hapo, na nikafurahi kumchukia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, riwaya isiyokwisha katika mkoba, na dharau ya kumtosha kila mtu kuanzia hapo mpaka Kigwena. Sehemu kubwa ya dharau hiyo ilikuwa ya haki. Ndiyo maana ilinipumbaza.

Mimi nilifundisha lugha. Waliniweka kwenye juri kwa sababu waraka kutoka juu ulitaka mtu mmoja asiye wa hesabu, apime kama maelezo yanaeleweka. Wa tatu alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule yetu, mtu aliyezaliwa ukimbizini Tanzania na kurudi na wazazi wake akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha sisi sote, na mbele ya wageni alikionea aibu. Tukiwa wawili alisema "hesabu." Akiingia mgeni, alisema "matematiki," na mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu anayepita chini ya mlango mfupi.

Kazi yenyewe ilikuwa kitu kipya. Wanafunzi waliiita modelizasyo. Waraka ulieleza kwa maneno mengi jambo ambalo lingeelezwa kwa machache: mwanafunzi achukue jambo la maisha yake, alipime, aligeuze kuwa namba na fomula, kisha arudi kwenye maisha aone kama fomula inasema kweli. Nilipousoma mara ya kwanza nilishtuka, maana ndivyo nilivyodhani riwaya zinavyoandikwa. Nilitaka kuwaambia wenzangu. Kisha nikaona karatasi iliyoambatanishwa.

Karatasi hiyo tuliiita griye. Ni jedwali lenye visanduku vitano, kila kimoja alama nne: kuelewa tatizo, kuchagua vya kupima, kukokotoa, kurudi kwenye uhalisi, na usafi wa kazi. Jumla ishirini. Kila mjumbe wa juri anajaza griye yake peke yake bila kuonyesha mwenzake, halafu jumla tatu zinajumlishwa na kugawanywa kwa tatu. Ni utaratibu mzuri wa kuwafanya watu watatu waoga wasijue ni nani kati yao aliyefanya ubaya.

Na mtu mmoja asubuhi ile alikuwa na la kupoteza. Alikuwa msichana wa sekisheni ya sayansi, mrefu, mwenye vidole vilivyopauka kwa chumvi kwa sababu kabla ya shule alimsaidia mama yake kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni. Alikuwa amerudia darasa mara moja, mwaka ambao maji yaliingia nyumbani kwao na familia ikahamia juu. Kwa kanuni ya shule ile, hakuna kurudia mara mbili. Ili apande darasa alihitaji kupata kumi kwa ishirini katika kazi hii. Akipata tisa na kitu, shule imekwisha. Sote watatu tulilijua hilo. Lilikuwa limeandikwa kando ya jina lake kwenye orodha, kwa kalamu ya risasi.

Barazani, kabla ya kuanza, mwalimu wa hesabu alinishika kiwiko.

"Dada, yule mtoto wa ndagala, usihofu. Namshika mimi."

"Kazi yake ikoje?"

"Kazi yake?" Alitazama nyuma kwanza. "Kazi yake mimi mwenyewe singeiweza nikiwa na umri wake. Lakini usiseme mbele ya huyu."

Tulianza. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye mashavu, mtoto wa mtu fulani, aliyetuletea treni mbili. Treni moja inatoka mji A saa nane, ya pili inatoka mji B saa kumi, zitakutana wapi? Burundi haina reli hata urefu wa ukumbi. Kijana yule hakuwa amewahi kuona treni isipokuwa kwenye simu. Fomula aliinakili kutoka kitabu ambacho hata mimi nilikisoma, tena pamoja na kosa la chapa. Mwenyekiti alisikiliza akitikisa kichwa kwa utamu, na kwenye kisanduku cha kurudi kwenye uhalisi nilimwona, bila hata kujificha, akiandika nne.

Wa pili alijaza bwawa la kuogelea kwa mabomba mawili. Hii katika mtaa ambao bomba linakohoa siku tatu ndipo litoe maji, na ambao bwawa la kuogelea liliingia lenyewe kupitia madirisha. Alipata alama nyingi. Wa tatu naye alileta bwawa. Nadhani lilikuwa lilelile.

Kisha akaingia yeye.

Alichomoa daftari lake kwenye lile rundo lenye muhuri, akaweka mezani kando yake kipande cha wavu wa chuma, ukubwa wa sahani, ambacho bado kilinuka ziwa. Mwenyekiti alisogeza kiti nyuma nusu hatua.

"Hicho nacho ni nini?"

"Ni kipande cha kitanda cha kuanikia, Musiye. Nimeleta muone matundu."

Alizungumza Kifaransa, kama kanuni ilivyotaka, cha polepole, akiweka kila neno chini kabla ya kuokota lingine. Alieleza hivi. Mitumbwi ikirudi alfajiri, mama yake anatandaza kilo ishirini za ndagala mbichi juu ya kitanda kimoja cha wavu. Yeye aliazima mizani ya kuning'iniza, akapima uzito jua linapochomoza, akaandika sifuri. Akapima tena saa moja, saa mbili, saa tatu, mpaka jioni, siku baada ya siku zenye jua. Aliona kwamba mpaka saa sita samaki wanapoteza karibu kilo mbili kila saa. Baada ya hapo karibu hawapotezi kitu. Fomula yake ilikuwa fupi kiasi kwamba hata mimi niliielewa: uzito ni ishirini, toa mbili mara saa. Inafanya kazi mpaka saa sita, inaishia hapo. Alikuwa ameandika hivyohivyo, kwamba inaishia hapo. Nimesoma waandishi wazima wasiojua sentensi yao inaishia wapi.

Kwenye ukurasa wa kurudi kwenye uhalisi hakuchora kitu. Aliandika kwamba aliwaeleza wanawake wa ufukweni kwamba kazi ya kugeuza samaki ina faida kabla ya saa sita tu, baada ya hapo ni kujichosha bure. Walimcheka kwa siku mbili. Siku ya tatu mmoja alijaribu. Sasa ikifika saa sita wanaacha, wanakwenda mashambani. Nilikwenda baadaye kuwaona kwa macho yangu. Walikuwa wanainuka pamoja, wanakung'uta kanga, wanapanda kuelekea michikichini, na vitanda vya samaki vinabaki vinang'aa peke yake kama bati jipya. Hivyo ndivyo fomula ilivyoonekana ilipovaa nguo.

Mwenyekiti hakufika kwenye ukurasa huo. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye jedwali, mstari wa pili.

"Hapa umeandika moja."

"Ndiyo, Musiye."

"Une heure."

"Ndiyo, Musiye."

"Une heure ulikuwa ziwani unapima samaki."

"Kando ya ziwa. Na mama."

"Na jua?"

"Lilikuwa limeshatoka, Musiye."

Alitugeukia sisi wawili na kutabasamu, tabasamu la mtu aliyemkamata mwizi akiwa bado na kuku mkononi. Kwa Kifaransa une heure ni saa saba ya usiku, saa ile ambayo Rumonge nzima imelala. Na hapo, katika sekunde moja, nilielewa kilichotokea, na najua mwalimu wa hesabu alielewa kabla yangu. Msichana alikuwa amehesabu saa kama zinavyohesabiwa ufukweni. Saa moja ni saa moja baada ya jua kutoka. Kiswahili kinahesabu hivyo, Kirundi kinahesabu hivyo, mama zetu wote walituamsha hivyo. Ni kwenye karatasi tu, tukishika kalamu ya shule, ndipo siku yetu inaanzia usiku wa manane, kama siku ya watu wengine. Yeye alikuwa ameipeleka saa ya nyumbani kwenye karatasi ya shule bila kuivua viatu mlangoni.

"Hizi data umezitunga," mwenyekiti alisema.

"Sikuzitunga, Musiye. Ni saa moja ya asubuhi." Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili.

"Hapa tunasema Kifaransa. Haya, tujaribu fomula yako. Adhuhuri ni douze heures. Kumi na mbili." Aliandika kwa mbwembwe, akisema kila hatua kwa sauti. "Mbili mara kumi na mbili, ishirini na nne. Ishirini toa ishirini na nne." Aliinua karatasi tuione. "Hasi nne. Ndagala za kilo hasi nne! Binti, hizi ndagala zako zinapaa? Ukiziweka kwenye mizani, mizani inakwenda mbinguni?"

Alicheka. Mwalimu wa hesabu alitoa mlio mdogo ambao, nasikitika kusema, ulikuwa mwanzo wa kumsindikiza kucheka.

"Adhuhuri ni sita, Musiye," msichana alisema. "Weka sita. Utapata nane. Mizani ilionyesha nane."

"Basi ongeza sita kwenye saa zote, tumalize. Andika juu kwamba ulikosea."

Hapa angeweza kujiokoa. Kalamu ilikuwa mkononi. Alitazama jedwali kwa muda, akiwaza kweli, siyo kwa ubishi. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Nikiongeza sita fomula inaharibika," alisema. "Itakuwa samaki wanaanza kukauka usiku wa manane. Saa hiyo bado wako ndani ya ziwa wanaogelea. Itabidi niandike saa, halafu nitoe sita tena. Niongeze sita ili niitoe? Hiyo sita ni ya nini, Musiye? Jua haliijui."

Nimekaa na watu wanaojiita wasanii wa lugha, Bujumbura, kwenye mikutano ambako tunasomeana kurasa na kupigiana makofi ya adabu. Sijasikia sentensi kama ile. Jua haliijui. Nilipaswa kusimama. Nilipaswa kumwambia yule bwana: wewe mwenyewe umemwambia dereva wako asubuhi akufuate saa ngapi? Badala yake nilifungua mkoba na kuiandika ile sentensi kwenye karatasi yangu, haraka, kabla haijanipotea. Ndivyo nilivyokuwa. Msichana anazama, mimi naokota lulu.

Simu ya mwenyekiti ikalia: mama wa mgahawa. Aliipokea palepale, huku mkono mmoja ukimwashiria msichana asubiri, na sauti yake ikabadilika, ikalegea, ikawa Kiswahili cha mtu yeyote wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura.

"Allô, mama. Amahoro. Iko mukeke? Wa kukaanga hapana, wa kuchoma. Tuko watatu. Saa saba, mama, saa saba kamili, usinicheleweshe." Akaiweka simu mezani. "Tulikuwa wapi?"

Nje mtu alikuwa anafagia. Msichana aliweka mikono yake nyuma, akainamisha kichwa kwa heshima yote aliyofundishwa, akauliza kwa Kiswahili:

"Musiye, samahani. Hiyo saa saba, niongeze sita?"

Nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikashika meza, na mwalimu wa hesabu alikohoa ndani ya kiganja chake mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa furaha safi, na ilikuwa ghali, na hatukuwa sisi wa kuilipia. Mwenyekiti hakucheka. Alirekebisha mkanda wa saa yake, akatazama mishale, kama anayetaka ushahidi, halafu akasema, "Toka nje. Utaitwa."

Alipotoka, tulijaza griye. Mwenyekiti alimaliza kwanza, kwa mistari mitano mifupi. Mwalimu wa hesabu alikaa muda mrefu amefunika karatasi yake kwa mkono, kama mwanafunzi anayeogopa kunakiliwa, lakini macho yake ndiyo yaliyokuwa yakienda pembeni kunakili.

Na mimi nilifanya hivi. Kwenye shule zetu kuna msemo kwamba ishirini ni ya Mungu na kumi na nane ni ya mwalimu. Mwanafunzi aridhike na kinachobaki. Nimeudharau msemo huo tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Nimeuandikia hata kejeli katika sura ya tatu ya riwaya yangu. Lakini mkono wangu uliujua. Kwenye usafi nilimpa nne. Kwenye vile visanduku vinne vingine niliandika tatu, tatu, tatu, tatu. Kila kisanduku niliondoa moja, kama mtu anayeonja chumvi, ili mwenyekiti akisoma aone kwamba mwalimu wa lugha naye ni mtu wa vipimo, hakupofushwa na huruma. Kumi na sita. Nilidhani ni alama ya fahari. Nilidhani naipiga kofi meza nzima. Sikujumlisha chochote. Ilikuwa kazi ya hesabu, na hesabu nilikuwa nimeidharau pia.

Mwenyekiti alisoma griye zetu kwa sauti. Yeye: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, na nne ya usafi. Jumla nne. Mwalimu wa hesabu: nane. Mimi: kumi na sita. Mwalimu wa hesabu alijumlisha, akagawanya, akagawanya tena, ingawa mara ya kwanza ilikuwa sahihi.

"Tisa nukta tatu tatu," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Tatu tatu tatu, haina mwisho."

"Ina mwisho," mwenyekiti alisema. "Imeishia chini ya kumi." Akaandika kwenye ripoti.

Nilimgeukia yule mtu wa hesabu. "Ulisema unamshika."

"Nilidhani wewe utampa ishirini, dada," alinong'ona. "Nyinyi watu wa vitabu huwa mnatoa."

Msichana aliitwa. Alisimama palepale aliposimama mwanzo, hatua moja kutoka kipande chake cha wavu. Mwenyekiti alisoma matokeo kwa Kifaransa kizuri, na akaongeza kwamba juri inamtakia kheri katika maisha nje ya shule, ambayo nayo yana heshima yake. Nilitazama kama atalia. Niseme kweli, sehemu ya nafsi yangu ilikuwa inangoja, ione atalia namna gani.

"Naomba kuona griye," alisema.

Ilikuwa haki yake kwa kanuni. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiomba. Mwenyekiti alizisukuma karatasi tatu kwa ncha ya kidole. Msichana alizipanga sambamba juu ya meza, akazisoma kutoka kushoto kwenda kulia, bila kukimbia, kama alivyosoma mizani. Ya mwenyekiti hakuikawilia. Alisimama kwenye ya pili.

"Musiye," alimwambia mwalimu wake, "hapa kwenye kukokotoa umeniwekea moja. Mwezi uliopita ulinikagulia mwenyewe, ukasema ni sawa. Ungeweka tatu ningepata kumi."

Mwalimu wa hesabu aliinama kutafuta kifuniko cha kalamu yake chini ya meza.

Kisha msichana akaja kwenye yangu. Alivifuata visanduku kwa kidole kilichopauka: tatu, tatu, tatu, tatu.

"Madamu," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayesahihisha. "Yako ni nzuri. Lakini ilitakiwa thelathini. Nne na nane ni kumi na mbili. Ilibaki kumi na nane." Akaninyooshea karatasi nione vizuri. "Ilibaki mbili tu, Madamu. Umeziondoa wapi?"

Nilitafuta kwenye griye yangu zile alama nne nilizoondoa. Sikuona zilipotoka. Hapakuwa na kosa moja kwenye kazi yake ambalo ningeweza kuliwekea kidole. Nilikuwa nimezitoa kwenye adabu yangu mwenyewe, kwenye hamu yangu ya kuonekana mtu mzito na bwana ambaye nilijiapia kwamba simjali.

"Naweza kubadilisha yangu," nilimwambia mwenyekiti. "Nimekosea. Ni kumi na nane. Ni ishirini."

"Imeshaingia kwenye ripoti, Madamu."

"Andika upya."

"Wewe ni mwalimu wa lugha," alisema, karibu kwa upole, akikusanya karatasi. "Unajua kwamba kilichoandikwa kimeandikwa."

"Utaratibu, dada," mwalimu wa hesabu alisema, akitazama chini. "Tusiongeze matatizo."

Niligeuka kwa msichana nikiwa na jambo la kusema. Nilikuwa nalo kweli, sentensi ndefu yenye masikitiko na pumzi mahali pake. Hakuingoja. Alikuwa ameshachukua daftari lake, na kipande cha wavu alikitia kati ya kurasa kana kwamba ni alama ya kusomea.

"Daftari linabaki kwenye kumbukumbu za shule," mwenyekiti alisema.

"Wanawake wanalihitaji, Musiye," alijibu. "Masika yanakuja. Jua la masika sijalipima bado."

Hakuna aliyeinuka kumnyang'anya. Alituinamia sisi watatu, mmoja mmoja kwa umri, mimi wa mwisho, akashukuru: murakoze. Ule mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu wa ziwa, ulikwaruza sakafu, na walimu tulizoea kuuacha wazi kwa uvivu. Yeye aliuinua kidogo kwa mikono miwili, akautoshea kwenye fremu yake, akaufunga.